Milipuko ya Redio Kutoka Mbali: Jinsi Makao Yake Yalivyopatikana

Askari wa mawasiliano aliyewahi kuutafuta mtambo wa redio wa adui anafahamu kwamba kusikia sauti ni jambo moja, na kujua inakotoka ni jambo jingine. Kituo kimoja cha kusikilizia humpa mwelekeo tu. Vituo viwili au vitatu vilivyotengana ndivyo vimpavyo mahali. Kazi ya namna hiyo hiyo imewakabili wataalamu wa elimu ya nyota tangu mwaka 2007, isipokuwa kwamba mtambo wanaoutafuta hupiga mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha aghalabu hunyamaza moja kwa moja.

Mwaka 2001, darubini ya redio ya Parkes nchini Australia, ambayo ungo wake una upana wa meta 64, ilinasa mlipuko wa mawimbi uliodumu chini ya sehemu tano za elfu ya sekunde. Hakuna aliyeutambua. Ulikaa katika kumbukumbu hadi mwanafunzi David Narkevic, akifanya kazi chini ya Duncan Lorimer, alipozipitia upya, na habari zake zikatangazwa mwaka 2007. Katika mlipuko huo masafa ya juu yalitangulia kufika na ya chini yakachelewa. Sababu yake ni elektroni zilizotapakaa angani, ambazo huyachelewesha mawimbi ya masafa ya chini kuliko yale ya juu. Na kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo uchelewaji unavyozidi. Uchelewaji huu ulikuwa mkubwa mno kuweza kuelezwa na galaksi yetu peke yake, yaani ule mkusanyiko wa mabilioni ya nyota uitwao Njia Nyeupe. Ilibidi mlipuko uwe umetoka nje yake, tena mbali sana.

Lakini nje wapi? Ungo mmoja wa Parkes huangalia kipande cha anga chenye upana wa karibu nusu ya mwezi mpevu, na ndani ya kipande hicho galaksi ni nyingi mno. Wapo waliotilia shaka kwamba mlipuko wenyewe ulikuwa wa kweli, kwa maana kituo hicho hicho kilikuwa kikinasa milio mingine iliyofanana nao ambayo ilionyesha dalili za kutoka hapa hapa duniani. Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake walimkamata mkosaji: jiko la maikrowevu la kituoni, lililofunguliwa mlango kabla halijamaliza kazi yake. Mlinzi aliyewahi kuamsha kikosi kizima usiku kwa sababu ya mbuzi hatawacheka wataalamu hao. Mlipuko wa 2001, hata hivyo, ulibaki kuwa wa kweli.

Kosa lililofuata lilikuwa zito zaidi. Mnamo Februari 2016 kundi moja la wataalamu lilitangaza kwamba limeijua galaksi ulikotoka mlipuko wa tarehe 18 Aprili 2015, kwa sababu ndani yake ulionekana mng'ao wa redio uliokuwa ukififia. Wataalamu wengine wawili wakaendelea kuitazama galaksi ile ile, na mng'ao ukarudi. Kumbe ulikuwa ukipanda na kushuka kwa tabia yake yenyewe. Mtu aliyekutwa karibu na mahali pa tukio alikuwa amefanywa mtuhumiwa.

Bahati ilitokea Puerto Rico. Mlipuko ulionaswa na darubini ya Arecibo mwaka 2012 ulionekana baadaye kuwa unarudia, na kinachorudia huweza kuviziwa. Mwaka 2016 darubini ya VLA ya New Mexico, Marekani, yenye nyungo 27 zilizotandazwa jangwani, iliviziwa kazini kwa saa 83 katika muda wa miezi sita, ikanasa milipuko tisa. Kwa kulinganisha nyakati ambazo mawimbi yalizifikia nyungo hizo, mahali palijulikana barabara. Januari 2017 ikatangazwa kwamba makao yake ni galaksi ndogo, dhaifu, iliyo umbali wa karibu miaka bilioni tatu ya nuru. Mawimbi hayo yaliondoka huko kabla ya mnyama yeyote kuwako duniani.

Iliyobaki ni ile milipuko isiyorudia. Hapo Waaustralia walitumia nyungo 36 za ASKAP, pamoja na mashine iliyohifadhi mawimbi ya sekunde chache zilizopita, ili mlipuko ukishagunduliwa uweze kurudiwa na kuchunguzwa. Ule wa tarehe 24 Septemba 2018 ulipatiwa galaksi yake, na taarifa ikatolewa mwaka 2019.

Faida ya anwani hizi ilionekana Mei 2020. Jean-Pierre Macquart na wenzake walilinganisha umbali wa galaksi hizo na uchelewaji wa mawimbi, wakapima maada ya kawaida iliyotawanyika baina ya galaksi, ambayo kwa miaka mingi haikuwa imepatikana katika hesabu. Macquart alifariki Juni mwaka huo, siku chache baadaye.

Kuhusu chanzo chenyewe, tarehe 28 Aprili 2020 mlipuko wa jamii hiyo ulitoka ndani ya Njia Nyeupe, katika nyota mfu yenye sumaku kali mno. Wengi walidhani shauri limekwisha. Kisha mlipuko mwingine ukafuatiliwa hadi kwenye kundi la nyota kongwe katika galaksi ya M81, mahali ambapo nyota za sumaku, ambazo kwa kawaida ni changa, hazikutarajiwa.

Sasa nyungo 64 za MeerKAT, huko Karoo, Afrika Kusini, nazo zinainasa milipuko hii, na mahali hapo hapo panajengwa sehemu ya darubini kubwa ya SKA. Jirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshirikishwa, kwani kadiri vituo vinavyotengana ndivyo mahali panavyojulikana kwa usahihi zaidi. Ghana imekwisha kutangulia: mwaka 2017 ilizindua darubini ya Kuntunse, ambayo ni ungo wa meta 32 uliojengwa hapo zamani kwa ajili ya kupitisha simu za ng'ambo.