Sahani, Singo, Kibao

Mzee jirani yetu hapa Ombaci, karibu na Arua, Uganda, askari mstaafu, ana sahani moja ya muziki aliyorudi nayo kutoka ukimbizini Zaire. Haina pa kupigwa. Gramafoni ilipotea siku nyingi. Juzi nilimwomba aitoe kwenye bahasha yake. Ni nyeusi, upana wake inchi 7, na ukiilaza upande wa mwanga wa dirisha unaona mifereji myembamba kuliko unywele ikizunguka kuelekea katikati. Lebo imechubuka, lakini namba 45 bado inasomeka: mizunguko 45 kwa dakika.

Mjukuu wake, mwenye mamia ya nyimbo ndani ya simu, akauliza, "Babu, humu mna nyimbo ngapi?"

"Mmoja, mjukuu wangu. Na upande wa pili mwingine wa kuusindikiza."

Wa kuusindikiza! Nimepekua kamusi zangu miaka mingi nikitafuta jina la upande wa pili wa sahani, nalo lilikuwa ng'ambo ya ua wetu.

Wimbo wenyewe ni "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982. Mwaka huo watu wengi wa huku walikuwa Zaire na Sudan, maana Juni 24, 1981 askari wa serikali waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci. Mzee haongezi neno juu ya hayo, nami simchokozi. Anaipangusa sahani kwa mkono wa shati na kuirudisha mahali pake.

Sahani hiyo imenirudisha kwenye maneno yetu ya muziki. Tuanze na neno bendi, kwa kuwa lina historia ndefu. Kiswahili kililikopa mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja kama beni, mwishoni mwa karne ya 19, pale vijana wa Lamu na Mombasa walipojipanga kwa vikosi na kucheza ngoma ya kuiga gwaride na tarumbeta za Wazungu. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaieneza beni hadi Tanganyika na kwingineko bara. Baadaye likaja bendi, na magitaa yake. Kwetu West Nile lilipitia kambini: vijana waliingia King's African Rifles, wakajifunza Kiswahili cha amri, wakakirudisha nyumbani pamoja na viatu vizito. Kwa mzee wetu, bendi ni gwaride kwanza, gitaa baadaye.

Roki je? Neno lipo, ila kwetu halijapata kazi nyingi. Magitaa, dramu na saksafoni tulishayapa jina siku nyingi: muziki wa dansi. Dansi nalo ni la kukopa, lakini limelima shamba lake mwenyewe, likajitofautisha na taarabu, ngoma na kwaya, hata hakuna anayeliuliza pasipoti. Them Mushrooms, walioanza Mombasa mwaka 1972 chini ya Teddy Kalanda Harrison na ndugu zake, walipigia watalii kwenye mahoteli ya pwani, wakachanganya chakacha, benga, rege na rumba. Mwaka 1987 wakahamia Nairobi. Baadaye wakajiita Uyoga, na hilo nalipenda sana: jina la kigeni lilipovuliwa kanzu, chini yake palikuwa na neno ambalo kila mpishi wa Kiswahili analijua.

Sasa niseme lililonileta. Wimbo unaotoka peke yake, si ndani ya albamu, tuuiteje? Sahani ni jina la chombo, na chombo kimekwenda. Santuri vilevile, tena wengine huita santuri ile mashine yenyewe. Watangazaji vijana husema singo. Sina ugomvi nalo. Ni fupi, linakaa vizuri mdomoni, na linasema hasa kinachokusudiwa. Lakini wengi wanapotaka kupamba husema kibao, na hapo ndipo nasimama.

Kibao ni kofi. Kibao pia ni ubao mdogo, ule wa kuandikia jina la duka na ule wa kukunia nazi. Ukisikia wimbo umeitwa kibao, elewa kwamba umempiga mtu akageuka. Ni sifa, na sifa hutolewa na msikilizaji. "Jambo Bwana" ilitoka ikiwa singo tu kama zote. Ikawa kibao ilipouzwa zaidi ya nakala 200,000, na ilipofika kwa Boney M., walioirekodi kwa namna yao mwaka 1983. Imekuwa kibao zaidi kwa kuhifadhiwa miaka yote hii ndani ya bahasha, Ombaci, na mtu asiye na cha kuipigia.

Kwa hiyo nawaomba watangazaji wa Arua na Koboko wanaosoma Kiswahili hewani: wimbo uliotoka leo asubuhi uiteni singo. Kibao tuachieni sisi wasikilizaji tukitoe wenyewe, wakati wake ukifika. Na ule wa upande wa pili uitwe wimbo wa kusindikiza, kama alivyosema mzee.