Huruma ya Asiyeamini: Funzo la Makka Kabla ya Hijra

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo:

Husikika katika baadhi ya mimbari kwamba asiyeamini hana huruma ya kweli, na kila jema alitendalo ni ria au maslahi. Kauli hii si ndogo. Humfanya Muislamu audharau wema wa jirani asiye wa dini yake, na humfanya adhani kuwa kuamini tu kumeshampa huruma. Tuirejee Sira.

Hilful-Fudhul

Kiasi cha mwaka 590 Miladia, miaka 20 hivi kabla ya Utume, mtu wa kabila la Zubaid kutoka Yemen aliuza bidhaa Makka. Al-Aas bin Wail wa Bani Sahm akazichukua, akakataa kulipa. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubais akawalilia Makuraishi. Akainuka Zubair bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume. Koo za Hashim, Muttalib, Asad, Zuhra na Taim zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Mtume (s.a.w.) alikuwapo, naye ni kijana. Baada ya Utume alisema kuwa lau angeitiwa kiapo mfano wa kile katika Uislamu, angeitikia.

Zingatia, ndugu msomaji: aliyedhulumu na waliotetea waliabudu masanamu yale yale. Kilichowatenganisha hakikuwa itikadi.

Waliouvunja mkataba

Makuraishi walipowasusia Bani Hashim na Bani Muttalib kwa takriban miaka 3, Hisham bin Amr, aliyekuwa na udugu nao, alikuwa akimpakia ngamia chakula usiku, akimfikisha mdomoni mwa bonde, akimvua hatamu na kumpiga aingie ndani. Kisha akawaendea mmoja mmoja Zuhair bin Abi Umayya, Mut'im bin Adiy, Abul-Bakhtari na Zam'a bin Al-Aswad, mpaka susio likavunjwa. Mtume (s.a.w.) aliporejea kutoka Taif, Mut'im na wanawe walichukua silaha wakamlinda hadi Al-Kaaba. Mut'im alikufa bila kusilimu. Hata hivyo, baada ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Mtume alisema kuwa lau Mut'im angekuwa hai akawaombea mateka wale, angemwachia.

Imani inaongeza nini?

Basi huruma ni katika fitra aliyoumbiwa mwanadamu, na kuikanusha kwa asiyeamini ni kuikanusha Sira. Lakini malipo ya Akhera ni mas'ala mengine. Bibi Aisha (r.a.) aliuliza kuhusu Ibn Jud'an huyo huyo, aliyeunga udugu na kulisha maskini, akajibiwa kuwa hayo hayatamfaa, kwani hakuwahi siku moja kumwomba Mola wake msamaha. Na Hakim bin Hizam, aliyewaacha huru watumwa 100 zama za Jahiliya, aliambiwa kuwa amesilimu pamoja na kheri yake iliyotangulia. Imani haikuianzisha kheri hiyo, iliikuta, ikaihifadhi.

Tena imani huitoa huruma katika hiari ya muungwana ikaifanya wajibu. Zaka ni haki ya maskini. Hangoji ukarimu wa mtu. Bilal (r.a.) alipoteswa na Umayya bin Khalaf, aliyemnunua akamwacha huru alikuwa Abu Bakr (r.a.).

Lakini Surat Al-Maun imewaonya wanaosali huku wakinyima msaada mdogo. Kwa hiyo imamu asiulize kama jirani asiyeamini anaweza kuwa na huruma, kwani Mut'im ameshajibu. Aulize kama sisi tunaoswali tumemfikia Mut'im.

Wallahu a'lam.