Nani Humfunza Msimamizi? Nusu Karne ya Tasnifu za Kajiado

Fungua tasnifu yoyote iliyoandikwa katika chuo kikuu cha Kenya, na kwenye kurasa za mwanzo utakuta tamko fupi. Mwanafunzi anatamka kwamba kazi ni yake na haijapata kuwasilishwa kwingine. Chini yake wasimamizi, mara nyingi wawili, wanatia sahihi na tarehe kuthibitisha kuwa wameridhia kazi hiyo iende kwa watahini. Mistari hiyo michache hubeba jasho la miaka: rasimu zilizorudishwa zikiwa na masahihisho pembeni, vikao vya ofisini, safari za nyanjani na mabishano kuhusu takwimu.

Kaunti ya Kajiado, kuanzia Kitengela hadi Amboseli na Nguruman, imezaa tasnifu nyingi za uzamili na uzamivu. Ukizifuatilia, unaona jinsi nchi hii ilivyojifunza, polepole na kwa gharama, kwamba kusimamia utafiti ni kazi inayopaswa kufunzwa.

Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilipofungua milango Nairobi mwaka 1956, hakikuwa na shahada yake. Mwaka 1961 kikawekwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Mwafrika aliyetaka uzamivu miaka hiyo kwa kawaida alipanda ndege. Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu, alikwenda Cambridge akasimamiwa na Vincent Wigglesworth, akahitimu mwaka 1965. Usimamizi wa enzi hiyo ulikuwa uanagenzi mtupu: unakaa karibu na bingwa, unatazama anavyofanya, na siku moja nawe unakuwa bingwa.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake mwaka 1970. Miaka mitatu baadaye kilimtunuku David Western uzamivu kwa tasnifu kuhusu mazingira ya Amboseli, ambako alikuwa ameanza utafiti mwaka 1967. Sasa shahada ya juu kabisa kuhusu ardhi ya Kajiado iliweza kusimamiwa na kutahiniwa hapa nchini. Hata hivyo, hakuna aliyeuliza msimamizi mwenyewe alifunzwa wapi. Ilichukuliwa kwamba mwenye uzamivu anajua kuutoa, na kila mmoja alisimamia alivyosimamiwa. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo: aliyelelewa kwa ukali alilea kwa ukali, na aliyetelekezwa naye alitelekeza.

Odhiambo ndiye aliyeleta mpango tofauti. Mwaka 1970 alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, na mwaka 1983 kituo hicho na vyuo vikuu vya Afrika vikaanzisha programu ya uzamivu ya ARPPIS. Mwanafunzi alisajiliwa chuo kikuu cha Afrika na kufanyia utafiti ICIPE, akiwa na msimamizi kila upande. Mtafiti wa kituo alimwongoza katika maabara na nyanjani; profesa wa chuo alilinda kiwango cha shahada.

Kajiado ilikuwa mojawapo ya nyanja za kituo hicho. Kule Nguruman, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, Dransfield na Brightwell wa ICIPE walibuni katika miaka ya 1980 mtego wa mbung'o uliotokana na mahali penyewe. Ulishonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zinazomvuta mbung'o. Juu kulikuwa na wavu wa kumnasa, na kando yake chupa ya asetoni na mkojo wa ng'ombe, kwa sababu mdudu huyo hufuata harufu ya mnyama. Vifaa vilikuwa vya bei nafuu, na wafugaji wa Olkiramatian na Shompole walishirikishwa. Katika eneo la majaribio idadi ya mbung'o ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Mwanafunzi aliyepelekwa mahali kama hapo alijifunza jambo ambalo ofisi haifundishi: swali la utafiti hutafutwa pamoja na mwenye ng'ombe.

Kwingineko Kajiado swali kubwa lilikuwa ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliunda ranchi za vikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja na kusimamiwa na kamati, na muda si mrefu wanachama wakaanza kuzigawa. Mwaka 1992 Marcel Rutten alichapisha tasnifu yake ya Nijmegen, Uholanzi, kuhusu ugawaji huo. Mwaka 2003 Mkenya Esther Mwangi alihitimu uzamivu Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kwa utafiti kuhusu ranchi hizo hizo, akiwa mwanafunzi wa Elinor Ostrom. Mwangi alionyesha kwamba wanakamati na watu wao wa karibu mara nyingi walijipatia vipande vikubwa. Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, na mwaka huo huo akachapisha makala pamoja na Mwangi kuhusu malisho ya Afrika Mashariki. Msimamizi mwema huendelea kufanya kazi na mwanafunzi wake kama mwenzake hata baada ya kofia ya mahafali kuvuliwa.

Kitengela ilitoa somo la karibu zaidi. Mwaka 1996 Helen Gichohi alihitimu Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kwa tasnifu kuhusu nyanda za Athi-Kapiti, akieleza jinsi mazingira hayo yalivyokuwa yakikatwa vipande. Viwanda vya Athi River vilikuwa vinavuta watu, na nyua zilikuwa zinafunga njia ya nyumbu na punda milia watokao Mbuga ya Nairobi. Katika miaka ya 2000 timu ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ikiongozwa na Robin Reid, iliwafunza wenyeji kuchora ramani ya nyua hizo. David Nkedianye, mwenyeji wa Kajiado, alikuwa kiungo kati ya wanasayansi na jamii. Alisomea uzamivu Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 2013 akachaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa kaunti hii.

Wakati huo huo idadi ya wanafunzi ilikuwa inapanda kwa kasi kuliko idadi ya wasimamizi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na viwango vya mwaka 2014 vikaweka kikomo: msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi 5 wa uzamili na 3 wa uzamivu kwa mwaka. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitoa shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, na Waziri wa Elimu George Magoha akaagiza uchunguzi. Nchi nzima ikaanza kuuliza nani alisoma tasnifu hizo, na kwa muda gani.

Kikomo hupunguza mzigo lakini hakimpi mtu ujuzi. Ndiyo maana mafunzo ya wasimamizi ni hatua ya maana. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya uongozi wa kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, umekuwa ukiwanoa wasimamizi sambamba na wanafunzi wao. Chuo Kikuu cha Stellenbosch, pia cha Afrika Kusini, nacho hufundisha kozi ya wasimamizi wa uzamivu wa Afrika kwa njia ya mtandao. Kozi za namna hii hushughulikia mambo ya kila siku: kukubaliana mapema nani atafanya nini, kurudisha sura iliyosomwa kwa wakati, kukosoa bila kuvunja moyo, kulinda haki za wanaohojiwa, na kutojiandika kwenye makala usiyoifanyia kazi.

Leo Kajiado ina vyuo vikuu vyake. Kile cha Kiadventista cha Afrika, kilichoko Ongata Rongai, hufundisha masomo ya uzamili na uzamivu pekee. Africa Nazarene nacho kiko eneo hilo hilo. Vyuo hivi, pamoja na vya Nairobi vinavyotuma wanafunzi Kitengela kila mwaka, visimpe mhadhiri mwanafunzi wa utafiti kabla ya kumfunza kusimamia. Viwape wasimamizi nauli na muda wa kufika nyanjani. Na kila tasnifu iliyoandikwa kuhusu watu wa Kajiado, nakala yake ipelekwe katika maktaba ya kaunti ili waliojibu maswali waisome.