Lenzi pana ya bei nafuu: safari ndefu kutoka Berlin mpaka sebuleni kwetu Mbagala

Leo tuache kidogo habari za mastaa. Kuna kitu kiliniuma mimi mwenyewe, kikanifanya nianze kusoma historia, na nadhani kitamsaidia yeyote anayetaka kununua lenzi pana kwa hela ya kuungaunga.

Mwaka jana dada yangu aliletewa mahari. Sebule yetu Mbagala ni ndogo, ukishaweka makochi na meza ya kioo, mtu anapita ubavu ubavu. Bibi alipanda basi kutoka Korogwe kwa ajili ya siku hiyo tu. Mimi ndo mpiga picha wa familia. Nilikuwa na Sony a6000 ya mtumba, nimenunua bodi tupu bila lenzi. Hela ya lenzi mpya haikuwepo, nikachukua lenzi ya zamani ya kamera za filamu, 28mm, pamoja na adapta yake. Muuzaji akaniambia, "Dogo, hii ni waidi, inameza ukumbi mzima." Nikaamini.

Siku ikafika. Wageni wamejipanga, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Watu hawaingii. Nikafungua mlango nikasimama nje kwenye ngazi, sasa miimo ya mlango ndo ikawa kwenye picha. Nikapiga hivyo hivyo. Kwenye picha ya familia nzima, bibi ameonekana mkono mmoja na pindo la kanga. Kesho yake asubuhi akapanda basi akarudi kwao.

Nikaenda kulalamika kwa mzee mmoja mwenye studio Kariakoo, amepiga picha tangu enzi za filamu. Akaitazama ile lenzi, akacheka. "Lenzi ni nzima kabisa," akasema. "Ila wewe umesoma namba ya zamani kwenye kamera ya sasa." Hapo ndo darasa likaanza, na nilichopewa na mzee nikaenda kukijazia mwenyewe kwa kusoma.

KONA ZIMESUMBUA WATU MIAKA MINGI

Kutengeneza lenzi inayoona katikati vizuri sio kazi ngumu sana. Kazi ipo kwenye kona. Mwanga unaokwenda kwenye kona za picha unapita kwa mshazari, unafika umechoka. Ndio maana kona za lenzi pana huwa na giza, au ukungu, au vitu vinavutika.

Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin, Ujerumani, ilikuwa na lenzi inaitwa Hypergon. Hii ilikuwa kiboko: vioo viwili tu vilivyobinuka kama vibakuli, lakini inaona nyuzi karibu 140. Shida ikawa hiyo hiyo, katikati kunawaka na kona ni giza. Unajua walifanya nini? Waliweka mbele ya lenzi kigurudumu chenye meno kama nyota. Mpiga picha anabonyeza mpira, upepo unakizungusha kile kigurudumu kinaziba mwanga wa katikati, ili kona nazo zipate muda wa kushiba mwanga. Baadaye kinaondolewa, picha inamaliziwa. Yaani fundi alihangaika na feni ndogo kwa ajili ya watu wa pembeni tu! Niliposoma hapo nikamkumbuka bibi.

KIOO KILICHOLETA GHARAMA

Kwa muda mrefu lenzi pana nzuri zilikaa karibu kabisa na filamu. Miaka ya 1950 Zeiss walitoa Biogon ya 21mm kwa kamera za Contax, kioo chake cha nyuma kinaingia ndani kabisa ya kamera. Iliwezekana kwa sababu kamera zile hazikuwa na kitu chochote katikati ya lenzi na filamu zaidi ya shata.

Kamera za SLR zilileta kitu kipya. Ndani yake kuna kioo, namaanisha kioo kama cha kujitazamia, kinachopeleka picha juu kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kile kioo kinaruka juu kupisha mwanga. Raha yake ni kwamba unaona kile kile lenzi inachokiona. Tabu yake ni kwamba kioo kinahitaji nafasi ya kuruka, kwa hiyo lenzi inasukumwa mbele. Kwenye Nikon F ya mwaka 1959, kutoka pale lenzi inapofungwa mpaka kwenye filamu ni milimita 46.5. Sasa lenzi ya 21mm inataka kusogea karibu, na mlango umezibwa.

Nikon wakaja na lenzi ya 21mm ambayo ili uifunge, lazima kwanza ukinyanyue kioo kibaki juu. Ukishafanya hivyo huoni kitu kupitia lenzi, unachomeka kijidirisha kingine juu ya kamera. Unanunua kamera ya kioo halafu kioo hukitumii!

Njia nyingine ilishatoka Ufaransa. Mwaka 1950 Pierre Angénieux alitoa lenzi ya 35mm aliyoiita Retrofocus. Aliweka vioo vya kutawanya mwanga mbele, vya kuukusanya nyuma, na picha ikaweza kuangukia mbali zaidi nyuma ya lenzi. Kioo kikapata nafasi yake. Lakini hesabu ikawa hii: vioo vingi zaidi, umbo kubwa, uzito, na bei. Hapo ndo lenzi pana zilipozidi kuwa mali ya wenye nazo.

KIOO KINAONDOKA

Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, kamera ya lenzi za kubadilisha isiyo na kile kioo. Picha unaiona kwenye skrini ndogo. Mwaka 2010 Sony wakaleta NEX-3 na NEX-5, ambazo lenzi inakaa milimita 18 tu kutoka kwenye sensa. Sensa ya kamera, sio ile ya kuhesabu watu. Hizi ndo mirolesi tunazozililia leo.

Lenzi pana ikapata ruhusa ya kusogea tena. Ila tusidanganyane, sensa inapenda mwanga unaokuja wima kuliko filamu ilivyopenda, ndio maana lenzi nyingine pana za zamani zikifungwa kwenye mirolesi, kona zinageuka rangi ya zambarau au zinafifia. Lakini sasa lenzi mpya zikaweza kuwa ndogo. Na kampuni ambazo sio za kamera zikaingia sokoni. Mwaka 2014 Samyang ya Korea Kusini ilitoa 12mm f/2, fokasi unazungusha kwa mkono, bila waya wala mota ndani. Bei ikashuka.

NAMBA ILIYONIPONZA

Sensa ya a6000 ni ndogo kuliko fremu ya filamu. Ili ujue lenzi itaona kiasi gani, zidisha namba yake kwa 1.5. Kwa Canon za kundi hilo ni 1.6, na Micro Four Thirds ni 2. Kwa hiyo 28mm yangu ilikuwa inaona kama 42mm. Hiyo sio waidi, ni lenzi ya kawaida! Ilikuwa waidi kwa mwenye filamu. Ukitaka upana wa 28mm ile ya zamani, tafuta 18mm hivi. 16mm inaona kama 24mm, na 12mm inaona kama 18mm.

SASA UCHUKUE IPI

Kwanza, kama una lenzi iliyokuja na kamera, ya 16-50 au 18-55, ijaribu ikiwa imefunguliwa mwisho upande mpana. Huenda huhitaji kununua kitu.

Pili, kwa watu ndani ya vyumba vidogo, 16mm inatosha. Sony walitoa 16mm f/2.8 mwaka 2010, nyembamba kama chapati, na kwa mtumba huwa sio ghali. Kona zake ni dhaifu, ila ukibana tundu mpaka f/8 zinajitahidi. Sigma 16mm f/1.4 ya mwaka 2017 ni bora sana gizani, lakini ni nzito na bei inapanda.

Tatu, kwa majengo, fukwe na anga la usiku, 12mm ya mkono ni mali. Usiogope fokasi ya mkono. Weka f/8, fokasi mita 1, kuanzia nusu mita mpaka mbali kabisa kuko safi. Na kwenye Sony washa ile sehemu ya menyu inayoruhusu kupiga bila lenzi, maana kamera haiitambui. Wengi hurudisha lenzi dukani wakidhani ni mbovu.

Ukinunua mtumba, mulika tochi ndani uone kama kuna fangasi. Kisha piga ukuta wenye matofali, tundu likiwa wazi kabisa, ukuze kona zote nne. Kona moja ikiwa mbaya kuliko wenzake, lenzi imeanguka hiyo. Achana nayo.

BIBI TENA

Mwezi wa 12 nilikwenda Korogwe na 12mm ya kuazima. Nikawapanga wote barazani, wakaingia mpaka mbuzi. Bibi alikaa mwisho wa benchi. Nikamuonyesha picha, akaishika kamera kwa mikono miwili. "Wee mjukuu wangu, mbona kichwa kama boga?"

Kweli, uso umevutika kwenda pembeni. Nikajua kitu ambacho hakuna bei itakayokiondoa: lenzi ikiwa pana sana, anayekaa ukingoni lazima avutike, hata iwe ya mamilioni. Dawa ni kujua nani unamuweka wapi.

Nikamhamisha bibi, nikamkalisha katikati, vijana tukaenda pembeni. Kichwa cha boga sasa ni changu, na ile picha ipo sebuleni Mbagala, juu ya lile kochi ambalo siku ya mahari lilimficha.

Haya wadau, wewe unatumia lenzi gani kwenye vyumba vyetu hivi? Shusha komenti hapo chini, na kama umewahi kuuziwa namba kama mimi, usione aibu kusema.