Tishu Zinazotii na Zinazogoma: Insulini katika Mwili wa Mjamzito na Mama Anayenyonyesha

Kipimo kinachoaminiwa kuliko vingine katika utafiti wa insulini kilielezwa mwaka 1979 na Ralph DeFronzo na wenzake. Mtu hutiwa insulini mshipani kwa kiwango kisichobadilika, huku akiongezewa glukosi ili sukari ya damu isishuke. Kadiri mwili unavyodai glukosi zaidi, ndivyo unavyohesabiwa kuwa mwepesi wa kuitikia insulini. Tafiti za Patrick Catalano huko Cleveland, Marekani, zilizowapima wanawake kabla ya mimba na tena ilipokaribia kutimia, zilionyesha mwitiko huo ukipungua kwa takribani asilimia 50 hadi 60. Siipingi tarakimu hiyo. Ninachopinga ni kuisoma kana kwamba mwili wa mama ni tishu moja iliyopatwa na kasoro moja.

Tuanze na misuli, maana ndiyo inayotawala kipimo hicho. Katika nusu ya pili ya mimba, insulini bado inafika kwenye misuli na kunasa kwenye vipokezi vyake kama kawaida. Hitilafu iko ndani zaidi: protini iitwayo IRS-1, inayopokea ujumbe kutoka kwenye kipokezi, hupungua, na glukosi inayoingia kwenye seli hupungua pia. Kwenye tishu za mafuta, insulini hushindwa kuzuia akiba isivunjwe, asidi za mafuta zikazidi katika damu, na mama akaanza kuzitumia kama nishati. Ini nalo hutoa glukosi zaidi ya awali kwa karibu asilimia 30, ingawa kongosho limeongeza insulini mara mbili hadi tatu. Wachochezi wanatajwa kuwa wengi: laktojeni na homoni ya ukuaji za kondo la nyuma, projesteroni, kotisoli, pamoja na kemikali ya uvimbe iitwayo TNF-alfa.

Je, glukosi iliyokataliwa na misuli inakwenda wapi? Inapita kwenye kondo kwa njia isiyohitaji ruhusa ya insulini ya mama. Insulini yenyewe haivuki. Mgomo wa misuli kwa hiyo unamwachia mtoto chakula. Norbert Freinkel, katika mhadhara wake wa Banting wa mwaka 1980, alieleza upande wa pili wa mpango huu: mjamzito akikosa chakula kwa saa chache tu, mwili wake huingia katika hali ya njaa upesi kuliko wa mwanamke asiye na mimba, sukari ikashuka na ketoni zikapanda. Kisukari cha mimba, kwa mtazamo huu, hutokea pale kongosho linaposhindwa kufidia mgomo ambao kila mimba huuleta.

Kondo likishatoka, mgomo huisha ndani ya siku chache. Mama mwenye kisukari cha aina ya kwanza hulijua hili vizuri, kwani mahitaji yake ya insulini huporomoka ghafla baada ya kujifungua. Vitabu vingi vya kiada hufunga sura hapo, na hapo ndipo ninapotofautiana navyo. Mwili haurudi ulikotoka. Unaanza mgawanyo mwingine. Mama anayenyonyesha kikamilifu hutoa maziwa ya karibu mililita 750 hadi 800 kwa siku, yenye laktosi ya takribani gramu 7 katika kila mililita 100. Laktosi peke yake, basi, humeza zaidi ya gramu 50 za glukosi kila siku. Kwa panya, kazi za Williamson huko Oxford na za Burnol na Girard huko Paris zilionyesha tezi za maziwa zikiwa nyepesi sana kuitikia insulini, huku tishu za mafuta zikinyimwa. Ng'ombe ni tofauti kabisa: kiwele chake huchota glukosi bila kujali sana insulini. Ndiyo maana matokeo ya panya hayafai kuhamishiwa kwa binadamu kwa pupa.

Kwa wanawake, Erica Gunderson na wenzake waliwafuatilia kwa miaka miwili wanawake 1,035 wa California waliokuwa na kisukari cha mimba. Walionyonyesha kikamilifu walipata kisukari cha kudumu kwa kiwango cha karibu nusu ya wale waliotegemea maziwa ya kopo. Mkosoaji atasema kwamba mwanamke mwenye ukinzani mkubwa wa insulini huchelewa kupata maziwa ya kutosha, hivyo afya ndiyo iliyotangulia. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo watafiti waliizingatia katika hesabu zao, na uhusiano haukufutika.

Kuna jambo la kiutendaji ambalo halisemwi vya kutosha. Aliyekuwa na kisukari cha mimba hushauriwa kupimwa kwa gramu 75 za glukosi kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Nchini Tanzania na Kenya, wiki ya 6 mama yuko kliniki tayari, amempeleka mtoto chanjo. Lakini wakati huo matiti yake yanachota glukosi mchana na usiku. Jibu zuri la siku hiyo ni jibu la mwili unaonyonyesha, na halitoshi kumwondoa mama kwenye orodha. Kipimo kirudiwe mtoto akishaachishwa ziwa, na tarehe yake iandikwe mapema kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo mama huitunza na kuja nayo kila mara.