Samaki wa Machipuko Chini ya Bwawa la Red Wing

Mwezi wa Machi unapokaribia kuisha, hali theluji ingali imelala juu ya vilima vya Minnesota, na barafu ya maziwa yake imekwisha kuwa hafifu kiasi cha kutoaminika tena kwa mguu wa mtu, hukusanyika katika Mto Mississippi, maili chache juu ya mji wa Red Wing, mashua ndogo ndogo zisizo idadi, ndani yake watu waliojifunga nguo za sufu hata hawaonekani ila macho, kila mmoja ameshika ufito wake akiuinua na kuushusha taratibu juu ya maji ya rangi ya udongo. Mbele yao umesimama ukuta wa saruji na malango ya chuma, nao ndio huitwa Bwawa Namba 3. Wanachokitafuta katika baridi ile ni samaki wawili wa nasaba moja, wolai na sauga, ambao wakati huo huwa wanapanda mto kwenda kutaga.

Ukiwauliza wenyeji, aghalabu watakwambia kwamba hiyo ni desturi ya tangu na tangu, waliyoirithi kwa baba na babu. Samaki ni wa tangu na tangu, hilo halina shaka. Walakini mahali wanapomvulia, na nafasi ya kumvua katika miezi ambayo kwingineko ni haramu kumgusa, ni mambo yaliyozaliwa na mpaka wa majimbo mawili na kazi za serikali iliyokuwa ikifikiri habari za ngano, makaa ya mawe na tishali za kuyachukulia, wala haikufikiri habari za ndoana. Ni nadra kuona furaha ya watu wengi namna hii ikitokana na jambo ambalo halikukusudiwa na mtu yeyote.

Yafaa kwanza kuwajua samaki wenyewe. Wolai, ambaye wanazuoni humwandika Sander vitreus, alielezwa katika maandishi ya elimu mwaka 1818 na tabibu Samuel Latham Mitchill wa New York. Nduguye sauga, Sander canadensis, alingoja hata mwaka 1834. Msomaji wa pwani ya Ziwa Viktoria asidhani kuwa hawa ni sangara wake, maana ukoo wao ni mwingine, ingawa wote wana miiba ya mgongo na nyama nyeupe isiyo na shombo kali. Wolai hutambulikana kwa ncha nyeupe chini ya mkia wake, na sauga kwa safu za madoa meusi katika pezi la mgongoni. Nyuma ya jicho la kila mmoja wao pana utando unaorudisha nuru, kwa hiyo jicho hung'aa likimulikwa, na samaki huona vizuri katika giza na katika maji ya tope, mahali ambapo vidagaa anavyovila havioni kitu. Na sauga, aliye mdogo wa umbo, ndiye apendaye zaidi vina virefu na maji mazito. Maji yakifikia kadiri ya nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi, majike ya wolai hutaga usiku juu ya changarawe au juu ya nyasi zilizofunikwa na mafuriko, mayai maelfu kwa maelfu, madume huyamwagia shahawa, kisha wote huenda zao. Hapana kiota, wala hapana mzazi akaaye kulinda. Sauga hufuata baadaye kidogo. Lakini safari ya kupanda mto huwa imekwisha anza zamani, tangu majira ya majani kupukutika.

Katika mto wa kale safari hiyo haikuwa na kizuizi. Mississippi ya juu ilikuwa mto wa visiwa, vijito vya pembeni na mafungu ya mchanga yanayohama kila mwaka, na katika kiangazi cha ukame mtu aliweza mahali pengine kuuvuka kwa miguu. Hata Ziwa Pepin, lililo chini kidogo ya Red Wing, halikujengwa na mtu: mchanga uliobebwa na Mto Chippewa ndio uliouzuia mto mkubwa ukatanuka nyuma yake. Samaki walitawanyika katika upana wote huo.

Manahodha wa merikebu za moshi ndio waliolalamika. Mwaka 1878 Bunge la Marekani liliidhinisha njia ya maji yenye kina cha futi 4 na nusu, na wahandisi wa Jeshi wakaanza kujenga kutoka kila ukingo kuta fupi za mawe yaliyopangwa juu ya mikeka ya matawi ya mierebi, zikielekea katikati ya mto, ili kuubana mkondo uchimbe wenyewe mchanga wake. Kuta hizo, walizoziita mabawa, zilijengwa kwa maelfu, na mwaka 1907 kina kikatakiwa kiwe futi 6. Nyingi zingalipo hadi leo chini ya maji, hazina kazi kubwa kwa vyombo, ila kila mvuvi wa wolai anajua zilipo, kwa kuwa samaki hupumzika mbele na nyuma ya mawe yake wakingoja chakula kiletwe na mkondo.

Lakini mabawa hayo, pamoja na kuta zilizoziba vijito vya pembeni, yalikuwa na taksiri yake. Kila mafuriko yalipopungua, samaki wachanga wasiohesabika walibaki katika madimbwi yasiyo na njia ya kutokea, wakifa kwa joto la kiangazi au kwa barafu ya kipupwe. Serikali ikalazimika kuajiri watu wa kuwaokoa: walikwenda na majarife na ndoo, wakawakokota samaki madimbwini na kuwarudisha mtoni, wengine wakasafirishwa kwa reli kwenda kupandwa katika maji ya mbali. Kazi hiyo iliendelea kwa miongo mingi, na mtu wa hikima angeweza kuuliza kama haikuwa nafuu kuacha mto jinsi ulivyokuwa.

Hapa sina budi kueleza habari za kome, maana katika mto huu haziachani na habari za samaki. Mwaka 1891 Mjerumani mmoja fundi wa vifungo, John Boepple, alianzisha katika mji wa Muscatine, jimbo la Iowa, kazi ya kukata vifungo vya nguo katika makombe ya kome wa mtoni, na kabla ya miaka 20 kupita mashati ya Marekani yalikuwa yakifungwa kwa makombe ya Mississippi, na kome wenyewe wakaanza kwisha. Bunge likaidhinisha mwaka 1908 kituo cha elimu ya viumbe huko Fairport, karibu na Muscatine, ili wanazuoni watafute namna ya kuwazalisha. Nao walifanya kazi kubwa juu ya siri hii, kwamba mtoto wa kome hawezi kukua peke yake, ni lazima kwanza ajishikize katika matamvua ya samaki, akae humo kwa majuma kadhaa, kisha adondoke mchangani kuanza maisha yake. Kila aina ya kome ina wenyeji wake inaowakubali. Sauga na wolai ni miongoni mwa wenyeji wa kome aitwaye Lampsilis higginsii, ambaye tangu mwaka 1976 sheria ya Marekani imemhesabu katika viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo sauga anayepanda mto mwezi wa Machi huenda amechukua abiria asiowajua, na kila kinachomzuia kupita huwazuia na wao.

Mwaka 1922 wapenda uvuvi wa Chicago waliunda chama walichokiita Izaak Walton League, kwa jina la yule Mwingereza aliyeandika juu ya uvuvi wa ndoana katika karne ya 17. Mkuu wao, Will Dilg, alipigana hata serikali ikatenga mwaka 1924 hifadhi ya samaki na wanyama katika bonde la mto, kuanzia Wabasha, Minnesota, kushuka mpaka Rock Island, Illinois. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1930 ya kuutia mto kina cha futi 9, si kwa mabawa tena, bali kwa mabwawa yenye malango ya kupitishia vyombo, yaliyofuatana kama ngazi kutoka Minneapolis hadi karibu na St. Louis. Watu wa chama walipinga, wakiogopa kwamba maji yaliyotuama yatawaua samaki. Walakini dunia ilikuwa katika dhiki ya ukosefu wa kazi, na saruji ilimwagwa.

Bwawa Namba 3 lilimalizika mwaka 1938. Malango yake ni mapipa makubwa ya chuma yaliyolazwa kati ya nguzo, yanayoviringishwa kupanda na kushuka juu ya meno ya chuma. Katika mabwawa mengi ya mto huu yako pia malango ya namna nyingine, yenye umbo la kipande cha duara, yaliyovumbuliwa na Jeremiah Burnham Tainter wa Menomonie, Wisconsin, mwaka 1886, kwa ajili ya biashara ya magogo. Maji hutoka chini ya lango kwa nguvu nyingi, yakachimba shimo refu mbele yake, wala hayagandi hata katika baridi kali. Samaki aliyepanda mto tangu majira ya majani kupukutika hufika hapo akakuta njia imefungwa. Mkondo ni mkali mno kwake, ila pembezoni mwake pana maji yanayozunguka polepole, yaliyojaa visamaki vilivyodhoofishwa na baridi. Hukaa. Wenzake wakamkuta. Ndipo penye siri yote ya uvuvi wa machipuko: ndoana yenye kichwa cha risasi na kisamaki kilichotungwa juu yake, ikishushwa hata iguse chini na kuinuliwa kiasi cha shubiri, mahali ambapo safari ya maili nyingi imekomeshwa na ukuta.

Gharama ya ukuta huo waliilipa wengine. Kando yake kipo Prairie Island, maskani ya Wadakota wa kabila la Mdewakanton, ambao jamaa zao walifukuzwa Minnesota baada ya vita vya 1862 kati yao na serikali, wakarudi kidogo kidogo katika miaka ya 1880. Maji ya bwawa yaliifunika sehemu kubwa ya ardhi yao, pamoja na makaburi ya wazee wao, na mwaka 1973 kikawashwa ubavuni mwao kinu cha umeme wa nyuklia. Wavuvi hupita hapo kwa mashua, wengi wao pasipo kujua.

Ni insafu pia kutaja kwamba mwaka ule ule wa 1938 miji ya Minneapolis na St. Paul, iliyokuwa ikimwaga uchafu wake wote mtoni bila kuusafisha, ilifungua mtambo wake wa kwanza wa kuusafisha. Pasipo hilo, bwawa lingekusanya maji machafu zaidi kuliko samaki. Vyombo vya uvuvi navyo vikafuata: mtambo wa kusukuma mashua, ambao Ole Evinrude wa Milwaukee, mzaliwa wa Norwei, alianza kuuza mwaka 1909, ulikwisha kuwa wa kawaida, na mwishoni mwa miaka ya 1950 kikatokea kisanduku cha Carl Lowrance kinachopiga mawimbi ya sauti na kumwonyesha mvuvi kilichopo chini yake. Mimi naona kisanduku kile kilibadili uvuvi kuliko ndoana zote, kwani sauga wa vilindini alikuwa salama kwa kutojulikana.

Sheria nayo ni tunda la mpaka. Katika maziwa ya Minnesota wolai hufungwa tangu mwisho wa Februari hata Mei, ili atage kwa amani. Lakini mto hapa ni mpaka kati ya Minnesota na Wisconsin, wenye hati ya jimbo moja huvua hata upande wa pili, na msimu hauna mwisho mwaka mzima. Mwaka 2020 majimbo hayo mawili yalipunguza idadi aliyoruhusiwa mtu mmoja, wolai na sauga wakihesabiwa pamoja, kutoka samaki 6 hadi 4, wala wavuvi hawakupinga sana. Kukaribia ukuta kumekatazwa pia, futi 600 kwa upande wa juu na futi 150 kwa upande wa chini, kwa kuwa maji yale yamekwisha kuzamisha mashua za waliojiamini.

Iko miaka ambayo haya yote huvurugika. Theluji ikiyeyuka kwa ghafula, mto hufura, na wahandisi huyaviringisha malango hata yatoke kabisa majini, likabaki bwawa ni nguzo tupu. Hapo wolai na sauga hupita katikati yake, wakapanda mpaka Prescott, Mto St. Croix unapoingia, na mpaka chini ya Bwawa Namba 2 huko Hastings, na wenye mashua hulazimika ama kuwafuata huko, ama kukaa majumbani kungoja maji yashuke.