Misingi Mipya Juu ya Ardhi ya Kale

Sisi tufundishao Kiswahili nchini Malawi hukutana mara kwa mara na swali hili darasani: mgeni atapata faida gani kwa kujifunza historia ya nchi ambayo hakuzaliwa humo? Wengi wa wanafunzi wa Dzaleka wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na swali lao si la utani. Jibu letu ni kwamba kila ardhi ina habari za waliotangulia na za waliokuja baadaye, nazo husomeka katika mahali pake patakatifu.

Tuanze mbali kidogo. Ukristo ulipoenea Ireland katika karne ya 5, haukuikuta nchi tupu. Wakelti walikuwa na chemchemi, vilima na miti waliyoitukuza. Jina la mji wa Kildare hata leo maana yake ni kanisa la mwaloni, na mwaloni ulikuwa mti wa heshima kwa Wakelti. Dini mpya iliweka nguzo zake pale ambapo watu walikwisha zoea kuinamisha vichwa.

Jambo hilo twaliona pia katika historia yetu. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake wa misheni ya Vyuo Vikuu walijenga kituo Magomero, kusini mwa Malawi, wakiishi pamoja na watumwa waliokombolewa. Homa na njaa ziliwaangamiza. Mackenzie mwenyewe alifariki Januari 1862. Mwaka 1864 misheni ilihamia Unguja, na miongoni mwa waliofika huko alikuwamo Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Basi kazi iliyoshindikana Malawi ikazaa matunda katika lugha tuifundishayo. Huko Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na msingi wa kanisa kuu la Mkunazini ukawekwa palepale.

Misheni hiyo ilirudi ziwani katika miaka ya 1880, ikakaa kisiwani Likoma. Ujenzi wa kanisa kuu la Mtakatifu Petro ulianza mwaka 1903, mahali palipoitwa Chipyela, yaani mahali pa kuchomea, ambapo watu walioshtakiwa uchawi waliteketezwa. Makanisa mawili, Unguja na Likoma, yamesimama juu ya uchungu wa watu.

Hata hivyo si kila mahali pa kale pamefunikwa. Kusini ya Lilongwe, katika wilaya ya Dedza, ipo milima ya Chongoni yenye mahali 127 pa michoro ya miambani. Michoro myekundu ni ya wawindaji Batwa. Ile myeupe ni ya wakulima Wachewa, na mingi yahusu unyago wa wasichana na ngoma ya nyau. Mwaka 2006 UNESCO iliitia Chongoni katika orodha ya urithi wa dunia. Mahali hapo si makumbusho ya wafu: Wachewa wangali wanapahusisha na mila zao. Kadhalika kilima cha Kaphirintiwa, katika milima ya Dzalanyama, husimuliwa kuwa ndipo watu na wanyama wa kwanza walipotua pamoja na mvua, wakaacha nyayo zao katika jiwe lililokuwa bado laini.

Na Dzaleka je? Ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Banda, na tangu mwaka 1994 imekuwa makazi ya wakimbizi. Jina lake latokana na neno la Kichewa kuleka, yaani kuacha. Mrundi na Mnyarwanda wataling'amua mara moja, kwani kwao husema kureka. Hapo pia ardhi ya mateso imepewa kazi nyingine, na wanaoikalia ni wanafunzi wetu.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu: kabla ya kumfundisha mwanafunzi kueleza nyumba aliyoiacha, mpeni pia maneno ya kuuliza wenyeji, kwa adabu, palikuwa na nini hapa anapokanyaga leo. Wazee wanaojua majibu wanapungua, na mwamba hausemi majina yao.